Mti wa Jiwe Usio na Kwao

Katika nyumba nyingi za askari, wawe wa jeshi au wa polisi, hakikosekani kitu kimoja ambacho hakikununuliwa dukani wala hakikurithiwa kwa mababu. Huenda kikawa kigoda cha Kikaramoja, au kibuyu cha maziwa, au kombe la baharini lililookotwa na kijana aliyepelekwa Somalia kulinda amani. Kitu hicho kililetwa na baba mkobani siku aliporudi kutoka kazi ya mbali. Kiliwekwa pembeni, watoto wakakizoea, na mwishowe hapana aliyeuliza tena kilitoka wapi. Nyumbani kwetu Paya, katika wilaya ya Tororo, kitu hicho kilikuwa jiwe.

Urefu wake ulikuwa kama mkono wa mtu mzima toka kiwiko hadi ncha za vidole, na unene wake kama paja. Rangi yake ilikuwa ya kahawia, yenye mabaka meupe. Upande mmoja ulikuwa na mikunjo kama gome la mti, na mahali pamoja palikuwa na fundo, mfano wa pale tawi linapokatika. Mama alilitumia kuzuia mlango wa jiko usipigwe na upepo. Wajomba walilinolea mapanga kila ilipokaribia sikukuu. Sisi watoto tulilikalia jioni tukingoja ugali wa wimbi uive. Baba, ambaye alikuwa polisi, alilileta mwaka 1995 alipokuja likizo kutoka Karamoja. Tulipomwuliza ni jiwe gani alicheka tu akasema, "Huo ni mti uliokataa kuoza." Nasi tulicheka pamoja naye, tukidhani ni mzaha kama mizaha yake mingine.

Baada ya masomo ya ualimu nilipata cheti, nikafundisha sayansi katika shule ya msingi kwa miaka minne kabla ya kuhamia ofisi ya gombolola. Nilisimama mbele ya watoto nikawaambia kuwa vitu ni vya namna mbili, vyenye uhai na visivyo na uhai, na kuwa mti ni wa kundi la kwanza na jiwe ni la kundi la pili. Siku moja mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa darasani kwangu, aliuliza mbele ya wenzake, "Je, mwalimu, mti waweza kuwa jiwe? Maana babu alisema lile la jikoni ni mti." Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba lile ni jiwe lililofanana na mti, wala babu alikuwa akifanya mzaha. Darasa zima lilimcheka. Baba alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumtetea mtoto yule wala kumtetea marehemu.

Jambo lililotufumbua macho lilikuja kwa njia mbaya. Mwezi wa Januari, ambao ni mwezi wa kutafuta karo, alifika nyumbani mchuuzi mmoja amepakiwa kwenye bodaboda kutoka upande wa Busia. Alikuwa akinunua vyuma chakavu. Alipoliona jiwe mlangoni alilizunguka mara mbili, akalipima uzito kwa mikono, kisha akataja shilingi 200,000. Mama alikataa, akasema ni kumbukumbu ya mumewe. Mchuuzi akaenda zake. Lakini kaka yangu, ambaye mtoto wake yule yule alikuwa anaingia sekondari na karo haijatimia, hakulala usiku ule. Alijiambia kwamba mchuuzi hatoi laki mbili kwa jiwe tupu, na kwamba huenda ndani mna dhahabu, au ile zebaki ambayo vijana wa mpakani huivumisha. Alfajiri alichukua nyundo. Mapigo matatu yalitosha kulikata jiwe kando ya lile fundo.

Ndani hamkuwa na dhahabu. Mlikuwa na mti.

Nilifika wakati Mama ameketi chini. Hakugomba. Alitandika leso yake, akaokota vipande vyote, hata vile vidogo kama punje za mtama, akavifunga. Kaka alisimama na nyundo yake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, nilikuwa natafuta karo." Nikachukua kipande kikubwa nikakitazama kwenye mwanga wa jua. Mistari myembamba ilizunguka moyo wa shina, kama tunavyoiona kwenye gogo lililopasuliwa kwa msumeno. Nyuzi za ubao zilikwenda zikilizunguka fundo pande zote mbili, kama maji ya mto yanavyolizunguka jiwe. Hapana fundi awezaye kuchora namna ile. Kijana wetu alisimama nyuma yangu akakitazama kile kipande, asiseme neno. Ningependa angesema.

Juma lililofuata nilipanda basi kwenda Kampala na kile kipande mkobani, nikaenda katika Jumba la Makumbusho ya Uganda, ambalo asili yake ni ya mwaka 1908. Nilipokewa kwa heshima. Mtumishi mmoja alikitazama kipande kwa kioo cha kukuzia, akatabasamu, akaniambia, "Huu ni mti kweli, uliogeuka jiwe." Nikajisikia kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kisha akachukua karatasi na kalamu, akauliza swali la kwanza: "Mlilipata wapi?"

Nikasema, "Paya."

Akatikisa kichwa. "Paya hapawezi kuwa kwao. Huko ndiko lilikofikia. Mimi nauliza lilikotoka."

Nikasema ni Karamoja. Akauliza ni wapi katika Karamoja, maana Karamoja ni nchi kubwa: ni chini ya mlima Napak, au Moroto, au Kadam? Lilikuwa juu ya ardhi au limetokeza katika ukingo wa mto? Lilikuwa limelala au limesimama? Palikuwa na mifupa karibu? Sikuwa na jibu hata moja. Akaandika urefu, uzito, rangi, na jina la aliyeokota, ambalo ni jina la baba yangu. Penye mahali lilipopatikana aliandika neno moja: "Haijulikani." Akasema kwa upole kuwa jiwe letu ni zuri, litafaa kuwaonyesha watoto wa shule, lakini kwa elimu ya mambo ya kale haliwezi kusema mengi tena.

Nilirudi nikiwa na uchungu ambao sikuutazamia. Na kwa kuwa deni la mwalimu aliyefundisha kosa ni kusahihisha, naomba msomaji anivumilie nieleze niliyojifunza tangu siku ile.

Mti ukianguka msituni huoza. Mchwa na kuvu na vijidudu huutafuna, na baada ya miaka michache hubaki udongo. Lakini mlima wa volkeno unapolipuka hutapika majivu mengi, na mvua ikiyanyeshea hushuka mabondeni kama uji mzito wa tope. Mti uliofunikwa na tope hilo hukosa hewa, na pasipo hewa waozeshaji hawafanyi kazi yao. Hapo ndipo kazi ya pili huanza. Majivu ya volkeno yana madini yaitwayo silika, ambayo ni jamaa ya mchanga na kioo. Maji yapitayo polepole katika majivu huyayeyusha madini hayo kidogo kidogo, huyachukua hadi ndani ya mti, na huyaacha katika vitundu vidogo sana vya ubao. Mama yeyote anayechemsha maji ya kisima ameiona kazi inayofanana na hiyo: ule utando mgumu, mweupe, unaoganda ndani ya birika. Ule wa birika ni chokaa wala si silika, lakini desturi ni moja. Maji hupita, madini hubaki. Basi mti hujazwa kitundu baada ya kitundu, hata ubao wenyewe unapotoweka, jiwe limekwisha kushika umbo lake pamoja na nyuzi na fundo.

Mifupa nayo ina habari yake. Udongo wa misitu ya nchi za joto aghalabu una asidi, na asidi hula mifupa. Ndiyo sababu mnyama afapo katika msitu mnene hupotea asibakize hata jino. Lakini baadhi ya volkeno za kale za mashariki ya Uganda na magharibi ya Kenya zilikuwa za namna ya pekee, kwa kuwa majivu yake yalikuwa na chokaa nyingi. Chokaa huituliza asidi. Kwa hiyo mifupa iliyofukiwa na majivu yale haikuliwa, bali ilihifadhika kwa mamilioni ya miaka pamoja na mbegu, matunda, konokono na hata wadudu.

Nilipofika hapo katika kujifunza nilicheka peke yangu, maana sisi watu wa Tororo tumeishi na chokaa hiyo siku zote. Mlima wa Tororo, ambao siku ya anga safi twauona toka Paya ukisimama peke yake upande wa mashariki, ni mabaki ya volkeno ya ukoo huo huo. Volkeno yenyewe imeliwa na mvua ikaisha. Uliobaki ni mwamba ulioziba koo lake. Mwamba huo ni wa chokaa, na kwa ajili ya chokaa ya hapa kiwanda cha saruji kilijengwa Tororo katika miaka ya 1950. Vilima vya Sukulu vilivyo jirani ni ndugu yake, navyo vina fosfati ya kutengenezea mbolea. Hivyo mfuko wa saruji tunaojengea nyumba na fuvu la kale linalowekwa katika makumbusho ni watoto wa ukoo mmoja.

Lakini majivu ya volkeno ya Tororo yamekwisha kuoshwa na mvua, na mawe ya Paya kwenyewe ni ya kale mno. Yana zaidi ya miaka milioni 2,000, na yalipoganda hapakuwa na mti hata mmoja duniani. Mtumishi wa makumbusho alikuwa na haki ya kutikisa kichwa. Mti wa jiwe ukionekana Paya, basi umeletwa.

Wapi basi kwao? Tukitazama kaskazini toka kwetu twaona Mlima Elgoni, ambao Wagisu huuita Masaba. Kilele chake leo kina mita 4,321, lakini wakati ulipokuwa ukitoa moto ulikuwa mrefu kuliko hapo. Katika upande wake wa kaskazini, nchi ya Wasebei, pana mahali paitwapo Bukwa. Katika miaka ya 1960 Alan Walker, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Makerere, alichimbua pale mifupa na meno ya wanyama. Pale pale yamepatikana pia majani, matunda na mbegu vilivyogeuka jiwe. Kwanza wataalamu walidhani vina miaka zaidi ya milioni 22. Upimaji wa karibuni umesahihisha kuwa ni kiasi cha milioni 19. Upande wa Kenya wa mlima huo huo liko pango la Kitum, ambamo tembo huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Katika kuta za pango hilo yameonekana magogo yaliyogeuka jiwe na mifupa ya wanyama wa zamani.

Karamoja nako kuna Napak, volkeno nyingine iliyozimika. Mwezi wa Julai mwaka 2011, kundi la watafiti wa Uganda na Ufaransa, wakiongozwa na Martin Pickford na Brigitte Senut, lilipata huko fuvu la nyani mkubwa asiye na mkia aliyeishi kiasi cha miaka milioni 20 iliyopita. Na chini ya Mlima Moroto yamepatikana mabaki ya nyani wengine wa jamii hiyo, wenye umri wa miaka milioni 21.

Sasa natazama lile swali la "wapi", na kwa nini lilitangulia maswali mengine yote.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba nyani wale wa kale waliishi katika msitu mnene mtupu, wakila matunda. Mwaka 2023 watafiti walitangaza habari za Moroto. Walikuwa wamepima meno, lakini pia walipima udongo uliozunguka mifupa, na udongo ule ukatoa ushahidi wa nchi yenye miti iliyoachana, na nyasi katikati yake. Meno peke yake yasingetosha kusema hayo. Ulihitajika udongo wa pale pale, wa tabaka lile lile.

Katika kisiwa cha Rusinga, kwenye Ziwa Viktoria upande wa Kenya, mambo yalikuwa tofauti. Huko kulikuwa na volkeno iitwayo Kisingiri. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata huko fuvu maarufu la nyani aitwaye Proconsul, mwenye umri wa kiasi cha miaka milioni 18. Mwaka 2014 watafiti wengine walieleza juu ya visiki vya miti katika kisiwa hicho, kila kisiki kikiwa kimesimama pale pale kilipoota, mizizi ikiwa katika udongo wake, na mifupa ya nyani katika udongo huo huo. Waliweza kupima umbali toka kisiki hadi kisiki, wakajua kuwa pale palikuwa msitu ambao matawi yake yaligusana. Moroto ikajibu hivi, Rusinga ikajibu vile, na majibu yote mawili ni ya kweli kwa sababu kila moja lina mahali pake. Lau mtu angeviokota visiki vile vya Rusinga kimoja kimoja akavipeleka majumbani kuzuia milango, leo tungekuwa na mawe mengi mazuri yasiyotuambia kitu.

Iko habari nyingine ya Rusinga ambayo hunigusa zaidi. Mwaka 1951 ilichimbuliwa huko sehemu ya mifupa ya Proconsul mmoja. Ilipita karibu miaka 30. Kisha vipande vingine vya mwili ule ule vikatambuliwa katika makumbusho ya Nairobi, vikiwa vimelala katika droo pamoja na mifupa ya wanyama wengine wa mahali pale pale. Mguu ukarudi kwa mwenyewe. Watafiti waliporudi kisiwani kutazama mahali penyewe, wakagundua kuwa shimo lile lililojaa mifupa lilikuwa ni shina la mti mkubwa lililokuwa na uwazi ndani, likajazwa tope la volkeno. Hayo yote yaliwezekana kwa sababu mahali palikuwa pamehifadhiwa katika kumbukumbu.

Polisi anayesoma makala haya ameshaelewa. Kisu kilichookotwa mahali pa mauaji, kikaondolewa kabla ya kupimwa na kuandikwa, hakimsaidii hakimu. Kitakuwa kisu kikali, pengine kizuri, lakini hakiwezi kuthibitisha kwamba kilikuwa hapo. Askari mpya hufundishwa asiguse kitu mpaka mahali pamechorwa. Baba yangu alilijua somo hilo kuliko mimi, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Lakini hakujua kwamba jiwe nalo laweza kuwa shahidi. Simlaumu. Hapana aliyemwambia, na mimi mwanawe niliyesomeshwa kwa mshahara wake nilikuwa na kazi ya kumwambia, lakini nikawaambia watoto kuwa alikuwa akifanya mzaha.

Nilijaribu kutafuta. Kuna mzee mmoja mjini Tororo, polisi mstaafu, ambaye alikuwa pamoja na baba Karamoja. Nilimpelekea sukari na picha ya jiwe. Aliitazama sana, akalikumbuka. Alisimulia kuwa walikuwa wakifuata ng'ombe walioibwa, wakapiga kambi kando ya mto mkavu, na asubuhi baba akarudi kutoka kuosha uso bila maji, maana maji hayakuwako, akiwa na jiwe lile begani. Wenzake walimtania kwamba anabeba kuni zisizowaka. Alilibeba safari yote.

"Mto gani, baba mdogo?" nikauliza.

Mzee alifumba macho. Akataja Namalu, akataja Nabilatuk, akataja Iriri. Namalu na Nabilatuk ni upande wa Kadam. Iriri ni chini ya Napak. Akafumbua macho akasema, "Mwanangu, tulitembea siku nyingi. Kwa miguu yetu milima yote ilikuwa mmoja." Kisha akaniambia mambo mengine ya safari ile: kiu, usiku walioshambuliwa, kijana mmoja wa kundi lao aliyezikwa huko. Nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Baba alikaa nasi miaka mingi baada ya kustaafu, wala hatukumwuliza. Siku ya mazishi yake mkuu mmoja alisoma orodha ya vituo alivyofanyia kazi, na orodha ile ilimalizika kwa muda mfupi kuliko wimbo mmoja wa kanisani. Ndipo nilipoelewa uchungu wangu wa Kampala. Lile neno "Haijulikani" lilikuwa limeandikwa juu ya jiwe, lakini lilimhusu baba pia.

Kwa hiyo naleta ombi langu kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi, maana ninyi ndio mnaofika pale ambapo mtafiti hafiki kwa urahisi. Mnapita katika makorongo ya Karamoja na miteremko ya Elgoni, katika misimu yote. Mvua ikibomoa ukingo wa mto, macho ya kwanza kuona ni yenu.

Ukiona jiwe lenye nyuzi za mti, au lenye umbo la mfupa, au jino zito kuliko jino, liache lilipo. Usichimbe, usivunje, usisafishe kwa kisu. Ikiwa kazi yako inaruhusu, piga picha mbili: moja ya karibu, ukiweka kalamu kando yake ili ukubwa ujulikane, na moja ya mbali inayoonyesha mlima au mto. Simu nyingi za siku hizi huweza kuhifadhi mahali ulipo. Kama huna simu ya namna hiyo, andika tarehe, jina la kijiji kilicho karibu, na mwendo wa saa ngapi kwa miguu na upande gani. Kisha toa habari kwa mkuu wako, au ofisi ya gombolola, nayo ifikishwe makumbusho. Uganda ilijiwekea sheria ya kulinda mambo ya kale tangu mwaka 1967, na kutoa taarifa ya vitu vya namna hii ni wajibu. Mchuuzi anayekupa laki mbili anakununulia jiwe, na pamoja nalo anaondoka na habari isiyoweza kununuliwa tena.

Na kwenu mama wa nyumbani, ombi langu ni jepesi zaidi. Viangalieni vile vitu vilivyo pembeni mwa nyumba. Mwulizeni mwenye navyo angali hai. Andikeni kwenye karatasi ndogo: nani alileta, mwaka gani, kutoka wapi, na ilikuwaje. Si lazima kiwe kisukuku. Kigoda nacho kina safari yake, na safari hiyo ni ya mtu wenu.

Ama jiwe letu, tulikubaliana sote, Mama akiwa mwenye neno la mwisho, kuwa liende makumbusho pamoja na vile vipande vya lesoni. Kaka yangu mwenyewe ndiye aliyelibeba hadi basini, na hakutaka kusaidiwa. Karo ilipatikana kwa kuuza mbuzi wawili na kukopa kiasi katika chama chetu cha akiba, na deni hilo tumekwisha kulilipa. Kabla jiwe halijaondoka nilimwita mtoto wa kaka mbele ya watu wote wa nyumbani, nikamwambia kuwa alikuwa na haki siku ile darasani, na babu yake pia alikuwa na haki, na mwalimu ndiye aliyekosa. Aliinamisha kichwa akasema, "Si kitu, shangazi." Lakini usiku alikuja na kalamu na daftari akaniomba nimsimulie yote aliyosema yule mzee wa Tororo, tangu mto mkavu hadi kijana aliyezikwa. Aliandika kurasa sita.

Mume wangu naye ni mwanajeshi. Mwezi wa Agosti alikuja likizo, na kama ilivyo desturi yao, mkobani mlikuwa na kibuyu cha maziwa kilichochorwa vizuri kwa moto. Alikiweka mezani, akavua viatu, akangoja chai. Nilimletea kwanza kalamu na karatasi. Alinitazama kwa mshangao, akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Andika umekitoa wapi. Chai itakuja."